Mwavuli Haukatwi

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na geti la baba limeshaingia kwenye nguzo zake. Mimi sijambo. Chakula kipo, baridi ipo zaidi.

Tuko kombania moja juu ya mlima, na barabara iliyotuleta imekatwa nyuma yetu na wale wa upande wa pili. Kwa hiyo kila tunachokula, tunachokunywa na tunachopiga kinashuka kwa miavuli kutoka kwenye ndege zenu. Mimi ndiye sajini wa stoo. Ndege ikisikika natandaza vitambaa vya rangi ya chungwa kwenye uwanja mdogo tuliousafisha, rubani anaviona, mizigo inateremka. Nasimama pale chini nikijua kabisa ni nani aliyeikunja ile miavuli. Niliwaambia wenzangu kwamba mkuu wa chumba cha kukunjia ni shangazi yangu wa damu. Hawakuamini. Kinyozi akasema kama ni kweli basi atuletee mashuka, maana kila askari wa miguu anajua nyie wa jeshi la anga mnalala kwenye mashuka.

Kinyozi ni koplo ninayelala naye handaki moja. Ananyoa kombania nzima kwa mkasi mmoja usio na makali. Ukitoka mikononi mwake kichwa kinafanana na shamba la mahindi lililoingiliwa na ng'ombe, lakini hana mpinzani, kwa hiyo foleni haiishi.

Baba nimemwandikia kwamba niko stoo. Si uongo. Sikumwambia stoo yenyewe iko wapi, na wewe naomba usimwambie.

Barua zako zitashuka na mizigo. Zangu zitangoja helikopta inayokuja kuchukua wagonjwa, kwa hiyo zikichelewa usianze kuota ndoto.

Nakuamkia tena,
Mwanao wa stoo

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo wangu hauna habari mpya, unauma palepale. Geti la baba yako limezidi nguzo kwa upana wa kiganja. Fundi wa kuchomelea miaka yote ile, na amepima kwa macho. Nikamwambia alikate kidogo. Akaniambia geti zuri halikatwi, atahamisha nguzo. Sasa amechimba shimo na geti limeegemea ukuta, na mbuzi wa jirani anaingia na kutoka kama mpangaji.

Nimefurahi kujua mizigo inakufikia wewe. Hatuambiwi inakokwenda. Tunapewa uzito na idadi, tunakunja, wanapakia. Ukiona vyaelea ujue vimeundwa, na mwambie huyo Kinyozi wako kwamba meza yetu ya kukunjia ina urefu wa chumba kizima na tunasimama kutwa, kwa hiyo hilo shuka tunalistahili. Akipata likizo aje amnyoe baba yako, ambaye siku hizi anafanana na ufagio.

Sasa la kazi. Miavuli hii hatuna mingi. Ukishafungua mzigo, mwavuli urudi na helikopta. Unakumbuka nilivyokufundisha ukiwa unatoka shule na kuja kufanyia kazi za darasani chini ya meza yangu: mwavuli hauburutwi, haukunjwi ukiwa umelowa, haukatwi. Tope tutaosha sisi, matundu tutashona sisi. Wewe rudisha tu.

Baba yako ameniuliza swali lake moja: anakula? Nimemjibu anakula.

Kula, basi, nisije nikaonekana mwongo.
Shangazi yako

12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tumekula. Mchele wa wiki iliyopita ulishuka salama, gunia moja tu lilipasuka, na Kinyozi alichambua mchanga punje kwa punje huku akiimba.

Wiki hii nimeona ndege zenu zikifanya kazi nyingine. Wale wa upande wa pili walikuwa wamepanda kutoka bondeni mpaka karibu sana na mahandaki yetu. Tunaye kijana wa jeshi la anga aliyepewa kukaa na sisi, mtu wa redio, kazi yake ni kuongea na marubani. Nilikuwa pembeni yake. Alikuwa anamwelekeza rubani kama unavyomwelekeza mgeni anayetafuta nyumba: umeuona mti mkavu, sasa njoo kushoto kwake, kuna mawe meupe, hao walio chini ya mawe ndio wao, sisi ni wale wenye kitambaa cha chungwa, usikosee mlango. Mimi na Kinyozi tulikuwa tumetambaa kukitandaza mbele ya handaki. Ndege zilikuwa mbili. Hazikukosea mlango. Baada ya hapo sikusikia vizuri kwa siku kadhaa, na Kinyozi alikuwa akinitukana waziwazi kwa sababu alijua simsikii.

Miavuli nimeikusanya. Helikopta ilikuja lakini haikuwa na nafasi.

Msalimie baba. Mwambie stoo imejaa.
Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Masikio yakoje? Ukipona umpe Kinyozi haki yake.

Shimo la nguzo limejaa maji ya mvua, na baba yako ameliwekea ubao akisema ni daraja. Amepata homa kidogo, ameshapona. Hao wengine wa nyumbani ni wazima na wanagombana kama kawaida, ndiyo dalili ya uzima.

Nimezungumza na mpakiaji wa helikopta. Anasema ilirudi na majeruhi wawili na nyuma ilikuwa tupu, hata yeye alinyoosha miguu. Sasa wewe unaniambia haikuwa na nafasi. Mwanangu, mimi nimefanya kazi na wapakiaji tangu hujazaliwa. Nafasi ya mwavuli haikosekani, mwavuli unaukalia.

Kombania nyingine mbili zinazolishwa na sisi zinarudisha, michafu lakini inarudi. Ya kwenu hairudi. Meja wa stoo ameanza kuniuliza, na ananiuliza mimi kwa sababu anajua wewe ni nani kwangu. Nijibu sawasawa.

Shangazi

22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku hatujambo.

Miavuli imechukuliwa na upepo. Huku juu upepo ni mkali, mzigo ukigusa chini unavutwa mpaka bondeni, na bondeni hatuendi. Mwambie Meja hivyo.

Nimefurahi baba amepona. Helikopta yenyewe siku hizi haitui mara kwa mara, inapigwa ikikaribia. Hii nampa majeruhi akae nayo mfukoni, huenda akafika nayo.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako hajambo. Nguzo moja imesimama, imeinama kidogo. Anauliza kama unakula.

Barua yako nimepewa na kijana aliyefungwa mguu, wodini. Nilimwuliza kuhusu upepo. Akaangalia ukuta. Nikamwuliza rubani, yule mrefu anayeleta mizigo yenu, naye akaniambia mizigo yote inaangukia juu ya kitambaa, mingine inakifunika. Akasema sajini wa pale anajua kuchagua uwanja, kilima kinaukinga na upepo. Alikuwa anakusifu.

Njia ya mwongo fupi, na hii ni fupi kuliko zote nilizowahi kuona.

Jumamosi nilikuwa sokoni. Mama mmoja anauza makoti ya mvua ya watoto, ya kijani, mepesi. Nikashika pindo. Ule ushonaji wa pindo naujua, ni wa kiwanda kinachotushonea miavuli. Nilisimama pale na koti mkononi kama mtu aliyekamatwa, wakati mwizi si mimi. Sikumwuliza ameuziwa na nani. Niliogopa jibu.

Nakuuliza mara moja tu. Unaiuza? Kama unaiuza, sema, tujue la kufanya. Nilikulea kwenye chumba kile, chini ya meza ile. Ukiiba miavuli umeniibia mimi.

Meja ametoa amri. Kombania isiyorudisha itadondoshewa mizigo bila miavuli, ndege ishuke chini na kumwaga. Mchele nimewafungia gunia ndani ya gunia ndani ya gunia, huo mtaupata. Maji sijui. Dawa sijui. Nimebishana naye bure, kwa sababu kila nikisema hapana, ananiuliza miavuli iko wapi.

Kinyozi hajambo? Umeacha kumtaja.

Shangazi yako, bado

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Sijauza. Sitaandika zaidi ya hapo. Tumekatazwa kuandika mambo mengine, na hata ningeruhusiwa nisingekuandikia.

Mchele ulifika. Madumu ya maji yalipasuka karibu yote. Tuliyakimbilia na sufuria, wengine na kofia za chuma, tukachota kwenye vidimbwi kabla ardhi haijanywa. Chupa za dawa zilikuwa unga. Mmoja wetu alikuwa anazihitaji siku hiyo.

Helikopta haijatua tangu barua yangu ya Aprili. Hii itakaa mfukoni mwangu mpaka itue.

Msalimie baba.

5 Julai

Mwanangu,

Naanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Baba yako hajambo. Nguzo zote mbili zimesimama. Mimi sijambo, sasa hivi sijambo, na nitakueleza kwa nini nasema sasa hivi.

Jana mchana mpakiaji wa helikopta alinipigia simu chumbani. Akasema, Mama, hatimaye tumetua kule juu, njoo uwanjani, kuna mali yako. Nikajua umerudisha miavuli. Nikachukua toroli, lile lenye gurudumu bovu, nikatembea nalo juani nikipanga maneno ya kukuandikia. Yalikuwa makali kidogo, lakini nilishaanza kuyalegeza.

Walikuwa wanashusha majeruhi. Nikangoja zamu yangu pembeni. Walipomaliza, mpakiaji akaninyooshea kidole kule nyuma. Mwavuli ulikuwa mmoja, juu ya machela, na ndani yake kulikuwa na mtu.

Mpakiaji naye hakuwa ameambiwa. Aliona kitambaa akadhani ni mzigo wa kwangu. Alipoona uso wangu ndipo alipotazama vizuri, akavua kofia.

Nilishindwa kuuliza ni nani. Kilichokuwa kichwani mwangu ni kwamba tangu Aprili sijapata barua yako, na kwamba barua yangu ya mwisho niliimaliza kwa kusema mimi ni shangazi yako, bado, kama vile kuna siku ningeacha kuwa.

Halafu nikauona mkunjo. Upande wa kichwani kitambaa kilikunjwa mara mbili kwenda ndani, ncha zikachomekwa chini, na kamba ikafungiwa kushoto. Jeshi zima linafungia kulia. Mimi nafungia kushoto kwa sababu kidole gumba changu cha kulia kilivunjika nikiwa msichana, na katika dunia hii nimemfundisha mtu mmoja tu kukunja hivyo, akiwa darasa la pili, kwenye mashuka ya nyumba yangu.

Basi nikajua. Aliyekunja ni wewe, kwa hiyo aliyemo si wewe.

Nilifurahi, mwanangu. Nilisimama mbele ya mtoto wa mwenzangu aliyelala pale, nikafurahi mpaka nikakalia toroli. Naona aibu kuandika hivyo na nimeandika.

Barua yako ya Juni nilipewa baadaye, jioni, na majeruhi aliyeibeba. Ulisema hukuuza. Nilikuwa nimeshajua miavuli inakokwenda. Nisamehe.

Usiku sikulala, nikawa nafikiria kazi, kwa sababu nikifikiria mengine sitaweza kusimama mezani kesho. Nikajiuliza jambo moja ambalo bado silielewi. Mwavuli mmoja wa mizigo ni mkubwa mno. Ungeukata vipande, ungetosha watu wengi, na mingine ungerudisha, na maji yangeshuka salama. Unajua hesabu hiyo vizuri kuliko Meja. Kwa nini hukukata?

Jina la aliyekuwemo sikuuliza. Niambie wewe.

Shangazi yako

28 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Hakuna cha kusamehe. Ningekuwa wewe, na nimelishika lile koti sokoni, ningewaza hayohayo.

Aliyekuwemo ni Kinyozi. Ilikuwa asubuhi, alikuwa amekwenda kuchukua vitambaa vya chungwa tulivyoviacha uwanjani baada ya mizigo. Ilikuwa zamu yangu kuvichukua. Alisema nimalize kwanza kuhesabu masanduku ya risasi, nisije nikakosea. Tangu hapo tunanyoana wenyewe. Mkasi nimeuweka.

Yeye aliondoka kwa sababu helikopta ilitua siku ileile. Wengine hawakupata bahati hiyo, wako hapahapa mlimani. Blanketi hatuwezi kumpa aliyekufa, aliye hai analihitaji usiku. Kitu kingine kilichokuwepo stoo kwangu kilikuwa miavuli. Kapteni wangu alijua, akanyamaza, nami nikaandika upepo. Nilikataa kukwambia kwa sababu wewe unaihesabu. Ningekwambia inakokwenda, ungejua wamekufa wangapi, na kila mzigo ambao mwavuli wake haukurudi ungekuwa unakaa mezani na kufanya hesabu, na katika hesabu hiyo ungeniweka na mimi.

Umeuliza kwa nini sikukata. Nililishika panga, Shangazi. Mara ya kwanza kabisa nilikuwa nimeshatandaza kitambaa chini na panga liko mkononi. Nikakusikia kabisa, kama niko chini ya meza: hauburutwi, haukunjwi ukiwa umelowa, haukatwi. Nikashindwa. Nikamkunjia wote. Na wa pili alipokufa nisingeweza kumpa kipande wakati mwenzake amepata mzima. Ndivyo miavuli ilivyokwisha. Nilijua nakosea hesabu. Siku madumu yalipopasuka nilijua hata nimemkosea nani, maana yule aliyezihitaji dawa alikuwa ananitazama.

Sasa nitakata. Nataka tu uniruhusu.

Mwanao

10 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hapana. Haukatwi.

Nilikwenda kwa Meja na barua yako, nikamsomea ile sehemu ya panga. Aliiweka kalamu chini. Ameifuta amri, na maji yenu na dawa zinashuka kwa miavuli kuanzia mzigo huu.

Kwenye mzigo huuhuu utakuta gunia lisiloandikwa kitu. Ni mashuka. Nilipita bwenini mwetu nikawaeleza watu, kwa kifupi, sikutaja majina. Nilitarajia labda wanne watano. Rubani mrefu alilitandua la kwake kitandani akiwa bado na viatu, akanipa bila kulikunja, na baada yake sikuhitaji kueleza tena. Mimi nimelikunja kila moja. Kwa hiyo mwambie yeyote atakayewacheka watu wa anga kwamba siku hizi tunalala juu ya magodoro matupu, na godoro la jeshi linawasha.

Mashuka ni ya wale watakaoyahitaji. Naomba kwa moyo wote gunia lirudi limejaa. Miavuli irudi yote.

Lile koti la sokoni nimeuliza, kumbe kiwanda kile kinauza mabaki ya kitambaa. Sasa baba yako. Jumapili geti limeingia kwenye nguzo, linafunguka kwa kidole kimoja, mbuzi amebaki nje akilalamika. Tulikuwa tumekaa tunalitazama, akaniuliza: huko juu bado kuna baridi? Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni juu. Nikamjibu ipo. Akasema anakula? Nikasema anakula. Akafungua geti, akalifunga, akalifungua tena. Mwandikie. Mwandikie kweli, anaiweza.

Kuhusu hesabu yangu, ulichelewa. Mimi nilikuweka kwenye hesabu hiyo tangu mwavuli wa kwanza.

Shangazi yako

6 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimemwandikia baba kurasa tatu, bahasha ni ile nene.

Helikopta inatua tena. Ndege zenu zimepiga ule mlima wa jirani walikokuwa wakitupiga, mtu wa redio alielekeza mlango kwa mlango mpaka sauti ikamkauka. Wanasema barabara itafunguka kabla ya mvua. Wanasema mengi.

Ndani ya helikopta hii kuna miavuli yote niliyopokea tangu mashuka yalipokuja. Imekauka, haikuburutwa. Nimeikunja mwenyewe, utaifungua na kuikunja upya, najua, lakini utaona nimefungia upande gani.

Gunia halirudi limejaa. Mawili yametumika. Moja kati ya hayo mawili lilikuwa na jina la rubani limeandikwa pembeni kwa wino, nimelitazama sana kabla sijalikunja. Mengine yote yamo humo, masafi, isipokuwa moja. Hilo sikulitumia kwa kazi uliyoniagiza. Handakini nafasi ya Kinyozi bado iko wazi, nikalitandika upande wangu, nikalilalia. Nilijiambia usiku mmoja tu. Zimepita siku kadhaa. Angekuwepo angenitangaza kombania nzima kwamba nimehamia jeshi la anga.

Nitalifua na kulirudisha na helikopta ijayo.

Mwanao

19 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako amesoma kurasa zake tatu akiwa amesimama getini, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Alipotoka alikuwa amechana nywele. Hajambo.

Miavuli imefika, imekauka vizuri. Nimefungua yote nikakunja upya, isipokuwa mmoja. Huo nimeupeleka kupakiwa ulivyo, utakurudia na mzigo huu, uone kama unafunguka. Mimi naamini utafunguka.

Yale mawili nimewaambia bwenini. Rubani mrefu aliuliza la kwake ni lipi kati ya hayo, nikamwambia. Amekataa kupewa shuka jingine.

Hilo unalolalia lisirudi. Lilalie mpaka lichanike.

Shangazi yako